Dakika 30 za aproni: jinsi ya kupokea na kuondosha ndege Kisumu

Kutoka Nairobi hadi Kisumu ndege haimalizi saa moja angani, kwa hiyo ratiba yake haina pa kupumulia. Dash 8-400, ndege ya propela yenye viti 78, hupewa takriban dakika 30 tangu kabari ziwekwe kwenye magurudumu hadi ziondolewe. Embraer 190, ambayo ni ya jeti, huongezewa kidogo. Wageni wa kazi hudhani dakika hizo hupatikana kwa kukimbia. Mtu anayekimbia kwenye aproni, eneo ndege zinapoegeshwa, ndiye anayegonga mlango wa ndege kwa toroli. Muda huokolewa kabla ndege haijatua, na hupotezwa na mambo matatu: kifaa kisichokuwa mahali pake, hesabu ya mizigo isiyolingana, na mzigo ambao haukupaswa kuvuka kaunta.

Haya hapa ni maelezo ya kazi yenyewe. Pale ambapo kitabu cha taratibu cha shirika unalolihudumia kinasema tofauti, fuata kitabu.

Kabla haijatua

Dakika 20 kabla, tembea stendi nzima, yaani mahali ndege itakaposimama, kwa miguu. Usiikague ukiwa juu ya trekta, hutaona kitu. Unatafuta vipande vya tagi, makufuli madogo, magurudumu ya sanduku, kokoto, skrubu, vifuniko vya chupa. Propela ya Dash 8 ina panga sita na upana wa zaidi ya mita 4, na ncha zake hurusha kokoto moja kwa moja kwenye ubavu wa ndege. Injini ya Embraer hufanya vibaya zaidi: inaimeza.

Kisumu ina jambo lake la ziada, ndege wenye manyoya. Uwanja umepakana na ziwa, na mvua ikinyesha majani hujaa chakula chao. Marabu mmoja hufika kilo 8. Ukiwaona wamekaa karibu na njia ya kurukia au wanazunguka juu ya uwanja, usinyamaze ukidhani mnara umewaona. Piga simu kwa wahusika wa uwanja, waeleze upande na idadi.

Halafu vifaa. Vyote vikae nje ya mstari mwekundu wa stendi, breki zimefungwa: kabari za kutosha mguu wa mbele na miguu yote miwili ya nyuma, koni, toroli za kushushia na za kupakia zikiwa zimetengwa, na mashine ya umeme ikiwa imeshawashwa na kujaribiwa. Mashine iliyolala usiku kucha hukataa kuwaka asubuhi, na rubani anaposubiri umeme wako ndipo dakika 5 za kwanza zinapoyeyuka. Hakikisha pia ni mashine inayofaa. Embraer hutaka volti 115 za mkondo geu wa hezi 400. Dash 8 ina tundu la volti 28 za mkondo mnyoofu ambalo hutumika kuwashia injini. Soma kibao cha mashine, usibahatishe kwa umbo la plagi.

Kupokea

Mwongoza ndege asimame mahali ambapo kapteni anamwona muda wote. Kapteni asipomwona, asiendelee. Ishara ya kusimama ni mikono miwili kupishana juu ya kichwa, na hutolewa pole pole, si kwa kushtukiza, kwa kuwa breki za ghafla huangusha abiria aliyeshasimama kuchukua mkoba.

Sheria inayookoa maisha ni moja: hakuna anayesogea hadi injini zizimwe, propela zisimame kabisa na taa nyekundu inayomweka chini na juu ya ndege izimike. Masharti hayo hutimia kwa nyakati tofauti. Rubani akizima injini, propela huendelea kuzunguka kwa muda, na inapokuwa kasi haionekani. Mashirika mengine huruhusu kabari ya mguu wa mbele kuwekwa mapema kwa ishara ya mwongoza ndege. Mengine hayaruhusu kwa ndege ya propela. Fahamu shirika lako liko upande gani kabla ya zamu, si wakati ndege imefika.

Dash 8-400 ina mtego wake. Miguu yake ya nyuma inaning'inia chini ya injini zenyewe, nyuma kidogo ya propela. Mtu anayetoka mguu wa mbele kwenda mguu wa nyuma kwa njia fupi hupita katikati ya duara la panga. Usipite hapo hata propela ikiwa imesimama. Zunguka ncha ya bawa, ingia kutoka nyuma, weka kabari, toka ulikoingilia. Ukizoea njia hiyo panga zikiwa zimetulia, miguu itaifuata hata siku ambayo hazijatulia.

Ukipangiwa ATR 72 kuna jingine. Ndege hiyo haina injini ndogo ya umeme mkiani. Rubani anaweza kuacha injini ya kulia ikiunguruma huku propela yake imefungwa breki ili kabini ipate umeme na hewa. Upande wa kulia basi hauendi mtu bila ruhusa ya rubani.

Gurudumu likitoa joto au harufu ya kuungua, likaribie kwa mbele au kwa nyuma, kamwe si kwa ubavu. Likipasuka, vipande huruka kuelekea ubavuni.

Kabari zikikaa, koni zifuate: ncha za mabawa, mbele ya injini, mkiani. Ndipo vifaa viingie. Kila gari lisimame kwanza kwenye mstari, lijaribu breki, kisha lisogee kwa mwendo wa mtu anayetembea, na lisimame tena mita chache kabla ya ndege. Ukirudi nyuma lazima uwe na mtu wa kukuongoza. Usipomwona kwenye kioo, simama.

Mkanda wa kupandishia mizigo usiguse ndege. Acha nafasi ya kiganja. Ndege ikishushwa mizigo na abiria huinuka kwenye miguu yake, na ikijazwa hushuka; mkanda uliouegemeza vizuri saa ya kushusha utakuwa umebana kingo ya mlango saa ya kupakia. Mkwaruzo wowote, hata ule unaofutika kwa kidole, ripoti kabla ndege haijaondoka. Bati la ndege hubeba shinikizo la hewa ya kabini kila safari, na mbonyeo mdogo ndio mwanzo wa ufa. Anayeripoti huchelewesha ndege. Anayeficha huirusha ikiwa na jeraha asilolijua rubani.

Mizigo

Shusha nyuma kwanza, pakia mbele kwanza. Ndege yenye uzito mwingi mkiani huketi chini kama mizani iliyoelemewa, na ndiyo sababu ATR 72 huwekewa nguzo ya mkia. Katika Dash 8 nyingi sehemu kubwa ya mizigo iko nyuma ya kabini na ndogo iko mbele upande wa kulia, kwa hiyo kishawishi cha kurundika kila kitu nyuma ni kikubwa. Karatasi ya mgawanyo wa uzito imempa rubani namba fulani za kuweka usukani wa mkia. Ukihamisha mabegi 10 ya kilo 15 kutoka mbele kwenda nyuma kwa sababu tu mlango wa nyuma uko karibu na toroli, umehamisha kilo 150 ambazo rubani hazijui. Huwezi kupakia kama ulivyoagizwa? Sawa, mwambie anayeandaa karatasi, abadilishe. Karatasi ndiyo ifuate mizigo iliyopakiwa, na ikishatiwa saini mizigo isiguswe.

Uwanja wenyewe pia unakubana. Kisumu iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba injini na mabawa hufanya kazi kana kwamba viko karibu mita 1,950. Ndiyo maana mara nyingine shirika huacha mizigo nyuma ilhali nafasi bado ipo, na ndiyo maana kilo ulizokadiria kwa macho hazifai.

Begi moja lisizidi kilo 32. Lililozidi ligawanywe kaunta. Yale mazito ya kawaida yapewe tagi ya uzito ili mpakiaji ajue kabla mgongo haujamjulisha. Nyavu zifungwe hata mzigo ukiwa kidogo, kwa sababu mzigo kidogo ndio unaoteleza zaidi. Aprili 2013 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Bagram, Afghanistan, baada ya gari la kivita kufunguka na kuteleza nyuma. Watu wote 7 waliokuwemo walikufa.

Sasa tatizo la kila siku: abiria amepokelewa kaunta, begi liko ndani, mwenyewe haonekani mlangoni. Begi lake lazima litoke. Kama umepakia bila kumbukumbu, utatoa mabegi 60 kutafuta moja. Kama kila toroli ina karatasi yenye namba tatu za mwisho za kila tagi, kwa mpangilio wa kupakiwa, utajua liko safu ya ngapi na utalitoa kwa dakika 3. Yule anayeandika namba hizo asipewe kazi nyingine. Naye aziite kwa sauti, mpakiaji arudie. Kelele za mashine hugeuza 515 kuwa 550.

Samaki, betri na jeneza

Hii ndiyo sehemu inayotofautisha kituo chetu na vingine.

Abiria anayetoka Kisumu bila samaki ni nadra. Mbuta wa kukaanga, ngege mbichi, omena za kilo kadhaa, vyote huja kaunta. Tatizo ni maji. Barafu ikiyeyuka, maji yenye damu na magamba hupenya sakafu ya sehemu ya mizigo, huingia kwenye viungio vya bati na nyaya, na kutu huanza mahali ambapo fundi haoni hadi ukaguzi mkubwa. Harufu yake hubaki kwenye masanduku ya watu wengine, na hapo ndipo madai huanza.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, na abiria wengi sasa hutumia mifuko ya kitambaa laini. Mfuko huo ni mzuri kwa mboga. Kwa ngege mbichi unavuja kama chujio. Kaunta ikubali moja kati ya haya: ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachofungwa kwa nguvu na kuzungushiwa utepe, sanduku la kuhifadhi baridi lisilo na tundu la kutolea maji au tundu likiwa limezibwa, au boksi gumu lenye utando wa plastiki nene ndani na kitu cha kunyonya maji chini. Jaribio ni rahisi: liinamishe upande mmoja, hesabu hadi 10, pitisha kiganja chini. Kiganja kikiwa na unyevu, halipandi. Samaki aliyegandishwa kabisa nyumbani usiku kucha ni salama kuliko samaki mbichi na barafu juu. Wa kukaanga au wa kubanikwa apoe kwanza. Akifungwa moto hutoa jasho na boksi hulegea.

Barafu kavu ni habari nyingine. Ikiyeyuka hugeuka hewa ya kaboni dioksidi, kwa hiyo kifungashio kisizibwe kabisa, kiasi kisizidi kilo 2.5 kwa abiria, na shirika liwe limekubali. Isiwekwe karibu na wanyama hai. Boksi la vifaranga na boksi la barafu kavu katika chumba kimoja kidogo ni vifaranga waliokufa.

Betri. Pawabenki haiingii chini, hata moja, hata imezimwa. Moto wa lithiamu kabini utaonekana na kuzimwa. Kwenye sehemu ya mizigo utagunduliwa umechelewa. Kipimo ni saa-wati, na vibao vingi huandika mAh tu, kwa hiyo piga hesabu: mAh mara volti, gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya 20,000 mAh na volti 3.7 ni 74, inapita kabini bila swali. Ya 27,000 ni 99.9, nayo inapita. Ya 30,000 ni 111, imevuka 100, inahitaji kibali cha shirika. Zaidi ya 160 haipandi na abiria kabisa. Isiyo na maandishi yoyote, ihesabu kuwa imekataliwa.

Mahali zinapoponyoka si kaunta. Ni ngazini. Makabati ya juu ya Dash 8 ni madogo, na masanduku ya mkononi huchukuliwa mlangoni na kupelekwa chini dakika za mwisho. Abiria alikuwa ameambiwa pawabenki ikae mkononi, naye ameiweka kwenye sanduku hilo hilo la mkononi. Kwa hiyo kila sanduku linalochukuliwa ngazini liulizwe upya: "Samahani mama, kuna pawabenki, betri ya akiba au sigara ya umeme humu?" Sekunde 5 kwa kila mtu, na zinafaa.

Jeneza. Familia nyingi za Magharibi na Nyanza husafirisha wapendwa wao kutoka Nairobi kuja kuzikwa nyumbani. Kwa mpakiaji ni mzigo mrefu unaozidi kilo 100. Kwa walio nyuma ya uzio ni baba au dada yao. Upande wa kazi: pima urefu wake dhidi ya mlango kabla ya kukubali, hakikisha kibali cha mazishi na cheti cha kuhifadhi maiti vipo, usiliweke pamoja na chakula wala wanyama hai, usiweke kitu juu yake, lilale mlalo bila kusimamishwa hata kwa kupinda kona ya mlango. Linapofika Kisumu, subiri abiria washuke na waondoke aproni, watu 6 wapange mikono kabla ya kulivuta, na mmoja tu ndiye atoe amri. Hakuna kupiga kelele, hakuna simu, hakuna kulitupia kamba juu ya toroli ya mabegi.

Mafuta

Hutiwa kwa lita, huagizwa kwa kilo. Kati ya hizo mbili kuna uzito wa ujazo, ambao kwa Jet A-1 kwenye joto la Kisumu huwa karibu kilo 0.79 kwa lita. Ndege imebaki na kilo 1,500, kapteni anataka 2,600. Tofauti ni kilo 1,100. Gawanya kwa 0.79: lita 1,392. Aliyechoka huzidisha badala ya kugawanya, anapata lita 869, na ndege inapungukiwa na kilo zaidi ya 400. Kanuni ya haraka: namba ya lita lazima iwe kubwa kuliko namba ya kilo. Ikiwa ndogo, umegeuza hesabu. Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu kipimo cha paundi kilitumika kana kwamba ni cha kilo. Ilielea bila injini hadi Gimli, Kanada.

Bauza (gari la mafuta) iunganishwe na ndege kwa waya wa kuondoa umeme tuli kabla ya bomba, na waya utoke mwisho. Mbele ya bauza pabaki wazi ili litoroke moja kwa moja bila kurudi nyuma. Chukua sampuli: iwe angavu, haina vumbi, na kapsuli ya kupimia maji isibadilike rangi. Abiria wakiwa ndani wakati wa kujaza, mikanda iwe imefunguliwa, njia za kutokea ziwe wazi, na kuwe na mtu wa kuwasiliana na rubani.

Radi

Alasiri mawingu ya ziwa na ya milima ya Nandi hukutana, na Kisumu hupigwa radi kama viwanja vichache. Usisubiri mvua. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawanya kwa 3, umepata kilomita. Sekunde 24 ni kilomita 8: jiandaeni, malizieni kilichofunguliwa, fungeni breki za toroli. Sekunde 15 ni kilomita 5: kazi isimame, bomba la mafuta litoke, hedseti ya kuongea na rubani ichomolewe. Aliyevaa hedseti ameunganishwa kwa waya na chuma kirefu kuliko vyote aproni. Kimbilio ni jengo au gari lililofungwa. Chini ya bawa si kimbilio.

Kuondosha

Zunguka ndege mara ya mwisho. Milango ya mizigo imefungwa na kukaa sawa na ubavu, waya wa umeme umechomolewa, na vifuniko vya mirija ya kupimia kasi vimetolewa vyote, uvihesabu mkononi. Ndege iliyolala Kisumu bila vifuniko hivyo ni hatari: usiku wadudu wa ziwani huja kama moshi, na mrija ulioziba humdanganya rubani kuhusu kasi. Februari 1996 ndege ya Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na wachunguzi waliona kwamba huenda mdudu alikuwa ameziba mrija mmoja.

Kabari hutoka mwisho, kwa ishara, na zioneshwe kwa kapteni. Kisha timu isitawanyike. Ndege hurudi, na ikirudi hukuta stendi imejaa toroli.

Kuchelewa kuandikwe kwa ukweli. Ndege imefika ikiwa imechelewa dakika 20 na imeondoka imechelewa 28: andika namba ya sababu ya kuchelewa, 93, kwa dakika 20 za ndege kuchelewa kufika, na 32 kwa dakika 8 kama ni upakiaji uliokuangusha. Kuzitupa zote kwenye 93 ni kishawishi cha kila kituo, na ndiyo sababu vituo vingi haviongezewi wapakiaji: kwenye takwimu hawana tatizo. Kazi ikisimamishwa na radi, kuna namba 77.

Mwisho, ujumbe wa kuondoka kwenda kituo kinachofuata. Taja samaki, wanyama na jeneza, ili Nairobi waandae watu. Muda uandikwe kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Kenya kwa saa 3. Wanaokosea hapa ni wale wanaofikiri kwa saa ya nyumbani. Ndege ya "saa moja na dakika kumi usiku" kwenye tikiti ni 19:10, na kwenye ujumbe ni 1610. Andika zote tatu kwenye ubao wa zamu, safu kwa safu, ili mtu wa usiku asipige hesabu kichwani.